Mapipa Matatu: Siku Kumi za Mwanafunzi Kisiwani Rusinga

Watu wa nyumbani Nakuru waliposikia kwamba nimepangiwa kufanya utafiti wangu kisiwani, ndani ya Ziwa Victoria, kwa muda wa miezi mitatu, wote walitabiri jambo moja, kwamba nitarudi nikiwa hodari wa kuogelea. Sijaogelea hata siku moja. Kazi iliyonileta Rusinga ni kuwahesabu konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na mtu anayeshinda na konokono hao mchana huwa hana hamu ya kuyaingia maji yao jioni. Shajara hii ni ya siku kumi za mwezi wa Septemba, nilipokuwa nimefika nusu ya muda wangu. Niliiandika usiku kwa usiku kwa mwanga wa taa ya sola, na nimeisafisha kidogo tu.

Siku ya kwanza, Jumamosi

Nilikuwa Kisumu tangu Alhamisi kuchukua spiriti, glavu za mpira na visahani vya kioo, na jana jioni nilijipongeza kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu yake kukatwa viwandani na kusafirishwa ng'ambo. Sisi tuliobaki huku tunaikaanga ile mifupa hadi ilie chini ya meno, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba amepewa sehemu mbaya.

Leo nimepanda matatu saa kumi na mbili unusu asubuhi. Kuna njia mbili za kufika Mbita. Ya kwanza huzunguka kwa Ahero, Kendu Bay na Homa Bay, nchi kavu mwanzo hadi mwisho. Ya pili hushika Kisian, Bondo na Ndori, kisha huteremka hadi Luanda Kotieno, ambako mtu huvuka kwa feri. Mimi huchagua ya pili kila ninapoweza, kwa sababu pale kwenye feri ndipo safari inapoacha kunukia dizeli ya matatu na kuanza kunukia ziwa. Tulivuka pamoja na mbuzi, pikipiki, lori la soda na akina mama wenye mabeseni yaliyofunikwa kwa kanga. Mbali kidogo, nguzo ya moshi mweusi ilikuwa imesimama juu ya maji. Mgeni mmoja aliyekuwa kando yangu alidhani boti inaungua, nikamweleza kwamba wale ni visubi, wadudu wadogo wanaozaliwa ziwani kwa mamilioni na kupaa pamoja kama wingu. Upepo ukilileta wingu hilo kijijini, hufumba madirisha na kujaa ndani ya chai.

Kutoka Mbita hadi Rusinga sasa ni daraja fupi tu. Katika miaka ya 1980 pengo hilo la maji lilijazwa mawe na udongo ili kisiwa kiunganishwe na bara, magari yakapita, lakini maji yakakosa kupita. Wavuvi walinung'unika kwa miaka mingi kabla ya tuta kufunguliwa na daraja kujengwa. Bodaboda alinivusha kwa dakika chache, mzigo wa vioo nikiwa nimeupakata kama mtoto mchanga.

"Nyar Nakuru, umerudi?" mama mwenye nyumba aliniuliza akiwa bado anachagua mboga za osuga kwenye ungo. Ndilo jina langu hapa, binti wa Nakuru.

"Nimerudi, mama. Vioo vyote viko salama."

"Basi nenda uoge. Juzi imejaa."

Neno hilo la mwisho linahitaji kuelezwa, nami nitalieleza kesho, kwa kuwa macho yangu yameanza kufumba.

Siku ya pili, Jumapili

Nyuma ya jiko la mama mwenye nyumba yamesimama mapipa matatu ya plastiki ya rangi ya buluu, kila moja la lita 200, na kila moja limeandikwa neno kwa mkaa: Leo, Jana, Juzi. Maji huletwa kutoka ziwani na mwenye punda, huchujwa kwa kitambaa kizito ili konokono na takataka zisipite, kisha hujazwa kwenye pipa lililo tupu. Hakuna anayegusa pipa la Leo, wala la Jana. Ya kuoga, kufua na kudekia huchotwa kwenye pipa la Juzi peke yake, na likiisha, maneno ya mkaa hufutwa kwa kiganja na kuandikwa upya, pipa kwa pipa.

Mpango huu haukutoka chuoni kwangu. Mama alifundishwa na mhudumu wa afya wa jamii miaka kadhaa iliyopita, na mantiki yake ni safi kuliko mihadhara mingi niliyoketi kuisikiliza. Vimelea vya kichocho vinapotoka kwa konokono huwa katika umbo la mabuu wanaoitwa serkaria, nao hawali chochote. Kila mmoja huogelea kwa akiba aliyotoka nayo mwilini mwa konokono, akitafuta ngozi ya binadamu, na asipoipata ndani ya siku moja au mbili akiba humwishia, akafa. Kwa hiyo maji yaliyotulia siku mbili bila konokono ndani yake hayana tena wa kukutoboa ngozi. Ya kunywa ni habari nyingine, kwa kuwa kuna kipindupindu na homa ya matumbo pia, nayo huchemshwa au kutiwa dawa ya klorini.

Nimefua mchana kutwa. Ngoma za waumini wa Legio Maria zimesikika kutoka upande wa kilima tangu asubuhi hadi adhuhuri, na kwa namna fulani nguo hufulika haraka zaidi zikiwa na mdundo.

Siku ya tatu, Jumatatu

Siku ya ufukweni. Mwenzangu wa maabara, kijana wa Siaya ambaye ana subira mara tatu yangu, na mimi, tumevaa suruali za mpira zinazofika kifuani, glavu ndefu, na kofia, na jinsi tulivyofanana na watu wanaoelekea mwezini imewafurahisha sana watoto. Kila mmoja huwa na chujio la waya lenye mpini mrefu. Unalipitisha chini ya majani yanayoota majini, chini ya magugu maji yaliyosukumwa na upepo hadi pwani, unalitikisa, unaliinua, unaangalia. Tunakaa nusu saa kwa kila kituo, si zaidi wala si pungufu, ili hesabu ya kituo kimoja ilinganishwe na ya kingine.

Konokono tunaowatafuta ni wa jamii ya Biomphalaria. Ukimweka mmoja kwenye kiganja kilichovaa glavu utashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kusumbua vijiji. Gamba lake ni bapa, limejikunja mduara kama kamba ya mashua iliyopangwa vizuri sakafuni, rangi yake ni ya chai ya rangi, na ukubwa wake haufikii ukucha wa kidole gumba. Akiona umetulia, hutoa pembe mbili nyembamba kama nyuzi na kuanza kutembea juu ya mpira wa glavu, polepole, bila haraka ya mtu mwenye hatia.

"Dada, hao mnawapika?" mvulana mmoja aliuliza.

"Hatuwapiki. Tunawahesabu."

Aliwageukia wenzake na kuwatafsiria kwa Kijaluo, wakacheka wote, kisha wakavua mashati na kurukia maji hatua kumi kutoka mahali nilipokuwa nimetoa konokono kumi na mmoja. Tumewaambia mara nyingi. Mwalimu wao amewaambia. Lakini jua la saa sita ni kali, maji ni ya bure, na ugonjwa wenyewe hauumi siku hiyo hiyo.

Kilichonikaa moyoni hata hivyo ni mazungumzo na mama mmoja aliyekuwa akifua juu ya jiwe. Nilimsalimu, nikamweleza kwa adabu kwamba mabuu hao hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na kwamba ingefaa afue mapema. Alinisikiliza hadi mwisho huku akikamua shuka.

"Mwanangu, alfajiri napokea omena kwa wavuvi. Asubuhi naanika. Jioni napika. Mchana ndio huu uliobaki. Sasa unataka nifue saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kushika upande mmoja wa shuka tukaikamua pamoja, glavu zangu zikiwa bado mikononi.

Siku ya nne, Jumanne

Maabara yetu ni chumba kimoja chenye meza ndefu, hadubini mbili na dirisha linalotazama mashariki. Jana tulirudi na konokono 63. Leo kila mmoja ametiwa peke yake katika kikombe kidogo cha kioo chenye maji safi, vikombe vyote vikapangwa dirishani saa tatu asubuhi, na kazi iliyobaki ikawa ni kungoja. Mwanga na joto ndivyo vinavyowaita serkaria nje. Hii si bahati mbaya, kwa kuwa kimelea anayehitaji ngozi ya binadamu hana faida ya kutoka usiku wa manane wakati hakuna mtu majini. Amejifunza ratiba yetu vizuri kuliko sisi tulivyojifunza yake.

Saa tano na robo kikombe cha kumi na nne kilianza kuwa na vumbi. Ukikiinua mbele ya kitambaa cheusi unaona chembe nyeupe zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, kama majivu yanayokataa kutulia. Chini ya hadubini kila chembe ina kichwa chenye umbo la yai na mkia mwembamba uliogawanyika ncha mbili. Hupiga mkia, hupumzika, huzama kidogo, hupiga tena. Nimewaona mara nyingi sasa, lakini bado kila mara nahisi vinyweleo vya mikono vikisimama.

Vikombe vinne kati ya 63 vilikuwa hivyo. Idadi hiyo huonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamia ya mabuu kwa siku, na hata maelfu, kwa wiki nyingi. Tuliandika na kupiga picha, tukamimina spiriti, tukaosha.

Siku ya tano, Jumatano

Mvua. Kituo cha leo tumekiahirisha. Nimekaa chini ya baraza nikisoma, na mbele yangu, juu ya paa la jirani, kibao cha sola kilichokuwa kimeoshwa na mvua kiling'aa. Mama anasema ni cha zamani, cha mradi wa mitego ya mbu. Kati ya mwaka 2012 na 2015 nyumba za Rusinga zilifungiwa mitego inayotumia umeme wa jua na harufu inayofanana na ya mwili wa binadamu, na watafiti, wakiwemo wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha pale Mbita, waliripoti kwamba mbu wa aina ya funestus walipungua kwa asilimia 69 na malaria kwa asilimia 30. Umeme uliobaki uliwasha taa na kuchaji simu, na nadhani ndiyo sababu watu waliitunza mitego hiyo vizuri. Ningependa kichocho nacho kipate dawa inayochaji simu.

Siku ya sita, Alhamisi

Kazi iliisha saa tisa, tukatembea hadi Kamasengre kuliona kaburi la Tom Mboya, aliyekuwa waziri na mwanasiasa mashuhuri wa Kenya. Jengo lililo juu yake limechongwa kwa umbo la risasi, na jinsi linavyosimama kimya kati ya mashamba ya mtama huhuzunisha kuliko sanamu yake ya Nairobi iliyozungukwa na magari. Alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge, lakini kwao ni hapa, na hapa ndipo alipozikwa baada ya kupigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Ndani kuna picha na vitu vyake. Nilisimama muda mrefu kwenye habari za wanafunzi aliowatafutia nafasi Marekani, kwa kuwa ndege ya kwanza ya mwaka 1959 ilibeba vijana 81. Mimi nililalamikia nauli ya feri.

Tulirudi giza likiwa limeingia, na hapo ndipo nilipopata burudani ya wiki nzima. Mwezi ni mwembamba siku hizi, na usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa omena, dagaa wa ziwa hili. Ziwa lote upande wa magharibi lilikuwa limewaka. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa nyingi ni balbu za betri zinazochajiwa kwa jua, zikiwa zimefungwa juu ya vielea na kuachwa majini ili zivute wadudu, wadudu wavute omena, kisha wavu uzunguke. Kutoka nchi kavu huoni boti wala wavu. Unaona mji, mitaa yake, mzunguko wake wa barabara, na mji huo unasogea.

"Kisumu imehamia huku," mwenzangu akasema.

Uvuvi huo hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane, na walioishi hapa miezi hiyo husema giza la ziwa huwa zito hadi mtu hujihisi yuko kisiwani kwelikweli. Asubuhi mzigo wote huanikwa ufukweni juu ya nyavu kuukuu. Baadhi ya nyavu hizo, nikitazama vizuri, ni vyandarua vya mbu, na mtu mwenye elimu ya afya ya umma hujifunza kupita hapo bila kusema neno kabla hajanunua omena wake wa gorogoro moja.

Siku ya saba, Ijumaa

Jioni nilipanda peke yangu ubavu wa kilima cha Hiwegi. Udongo wake una matabaka ya kijivu na ya kahawia, mengi yakiwa majivu ya volkano ya kale ya Kisingiri, ambayo mabaki yake huonekana ng'ambo ya maji upande wa kusini. Majivu hayo yalizika msitu mzima karibu miaka milioni 18 iliyopita, pamoja na matunda, mbegu, mashina ya miti na sokwe wa kale. Mwaka 1948 Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, aliokota hapa kisiwani fuvu la sokwe wa aina iliyoitwa wakati huo Proconsul, likasafirishwa hadi Uingereza na kuandikwa magazetini. Spishi hiyo baadaye ilipewa jina la heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyechimba na akina Leakey kwa miaka mingi, na nimefurahi kulijua hilo, kwa kuwa ni nadra mchimbaji kukumbukwa.

Sikuokota kitu, sheria hairuhusu, na haki pia. Nilikaa tu juu ya jiwe hadi jua lilipozama. Nimegundua kwamba mapumziko yangu yote kisiwani huelekea juu. Wengine wakichoka huteremka majini, mimi hupanda kilima nikayatazame kwa mbali, kama nilivyokuwa nikilitazama Ziwa Nakuru utotoni, ambalo nalo, kwa sababu ya magadi yake, ni la heroe na si la watu.

Siku ya nane, Jumamosi

Boti za Mfangano huondoka Mbita zikijaa, si kwa saa. Tulifika saa moja asubuhi tukaondoka karibu saa tatu, na nahodha alikuwa na wasiwasi kidogo, kwa maana asubuhi ziwa huwa laini kama shuka, lakini mchana nchi ikishapata joto upepo huvuma kutoka majini na mawimbi huamka. Wenzetu wengi walikuwa Wasabato waliovaa nguo za ibada, viatu wakiwa wamevishika mkononi. Kila abiria alipewa jaketi la kuokolea. Langu lilikuwa halina kamba moja, nikaifunga nyingine mara mbili na kumwachia Mungu upande uliobaki.

Tulisimama Takawiri, kisiwa chenye mchanga mweupe ambao watalii huufuata, kuteremsha godoro, kreti za soda na bibi mmoja. Vijana wa pwani waliingia majini hadi kiunoni, wakambeba yule bibi mgongoni na kumweka mchangani bila kulowesha hata upindo wa gauni lake. Ni kazi yao ya kila siku. Niliwatazama miguu tu, nikiwahesabia saa.

Mfangano ni kikubwa kuliko nilivyodhani, na kimeinuka katikati kama kofia. Tuliteremka Sena, tukapata chumba cha wageni, na mchana tukaenda Ramba kuzuru Makumbusho ya Amani ya Abasuba. Wasuba ni Wabantu ambao mapokeo yao huwataja mababu waliokuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda, na lugha yao imemezwa pole pole na Kijaluo, hata leo wanaoizungumza vizuri ni wazee zaidi kuliko vijana. Mimi niliye msemaji wa Kiswahili nilisisimka kusikia majina ya koo na vijiji, yaani Wasamo, Wakula, na kule Rusinga kwetu Waware na Wanyama. Kwa mwezi mmoja na nusu nilikuwa nimeyaandika majina hayo kwenye lebo za vikombe bila kugundua kwamba kile kiambishi cha mwanzo ni ndugu wa kile ninachokitumia kila siku. Lugha imehama, majina yamebaki.

Siku ya tisa, Jumapili

Tulianza kupanda saa kumi na mbili asubuhi pamoja na kijana wa kutuongoza. Kilele cha Kwitutu kina kimo cha karibu mita 1,700, na ziwa lenyewe liko kwenye mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ni zaidi ya nusu kilomita ya kupanda wima wima, kwanza kati ya mashamba ya mahindi na muhogo, kisha vichakani, kisha mawe.

Njiani tulifika Kwitone. Mwamba umeinama mbele kama paa la nyumba, na chini yake, juu ya jiwe, imechorwa miduara ndani ya miduara, mingine ikiwa na miale kama jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inasadikiwa kwamba waliochora walikuwa Watwa, wawindaji walioishi hapa kabla ya Wasuba, na kwamba Wasuba walipofika walipaheshimu mahali hapo na kupatumia kwa matambiko ya mvua. Kijana wetu alishusha sauti bila kuambiwa. Rangi nyekundu, ukiisogelea kwa karibu, imeingia ndani ya vinyweleo vya jiwe, na ukingo wa mduara mmoja una alama ya mahali ambapo kidole au ncha ya kitu iliinuliwa na kuwekwa tena, kama mtu aliyepumzika mkono akaendelea. Nilitamani kugusa, sikugusa.

Kileleni upepo ulikuwa mkali na maji yalikuwa pande zote. Rusinga ilionekana mashariki, Takawiri kama ukucha, milima ya Gwassi kusini ikiwa ya buluu, na ndani zaidi mapaa ya mabati ya visiwa vidogo vya wavuvi yakimetameta. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu. Asilimia sita hiyo ilitosha kujaza macho. Tulikula mihogo ya kuchemsha tukakaa kupita ratiba.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Tulipofika Sena ilikuwa karibu saa saba, boti ilikuwa imengoja abiria kama kawaida, na mawimbi yalikuwa yameamka. Kijana mmoja aligeuza mgongo na kuniambia, "Panda, dada." Nilikataa. Nilikuwa nimevaa gambuti zinazofika magotini, niliyaona maji yakiwa ya kina cha nusu gambuti, na kusema kweli niliona haya kubebwa mbele ya mwenzangu. Nikapiga hatua nne. Wimbi la tano lilikuja likiwa na haraka yake, likanifika pajani, likaingia kwenye gambuti zote mbili, na nilipojaribu kugeuka nikakaa chini.

Nilikaa ndani ya Ziwa Victoria saa saba na dakika kumi mchana, kando ya magugu maji, mimi ambaye Jumatatu nilimwambia mama wa watu afue mapema.

Nilinyanyuliwa na kijana yule yule, na nauli yake alikataa kuipokea kwa kuwa alikuwa akicheka. Ndani ya boti nilimwaga maji, nikajisugua kwa taulo hadi ngozi ikawaka, nikajipaka spiriti niliyokuwa nayo begini, huku nikijua kwamba serkaria huhitaji dakika chache tu na kwamba safari ya kurudi ni ya saa moja na nusu.

Siku ya kumi, Jumatatu

Maabara yetu ina daftari la matukio, na kanuni ni kwamba anayegusa maji bila kinga huandikwa saa, mahali na sehemu ya mwili. Mwenzangu aliniandika kwa mwandiko wake mzuri, kisha kwenye safu ya maelezo akaongeza, "Konokono mkubwa mmoja, asili ya Nakuru." Nimemwachia.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, lakini haiwawezi vizuri walio wachanga. Mtu akiimeza siku ya pili baada ya kulowa huwa ameitupa. Inafaa kungoja wiki sita hadi nane, wavamizi wakue, ndipo umeze. Kwa uzito wangu ni vidonge vinne vya miligramu 600, vichungu kupita kiasi, vya kumezwa baada ya chakula. Nimeifungua kalenda nikaweka duara kwenye Jumapili ya katikati ya Novemba, wakati nitakapokuwa nimekwisha kurudi nyumbani, na nimejaribu kufikiri nitakavyowaeleza wale waliotabiri kuogelea.

Mama mwenye nyumba alisikiliza habari yote akiwa ameshika mwiko, na kwa heshima yake hakucheka hadi nilipomaliza.

"Basi na wewe sasa ni mtu wa hapa," akasema. Kisha, baada ya kimya kidogo, "Hizo dawa, ukipata, mimi pia niulizie. Mara ya mwisho walikuja shuleni na fimbo yao ya kupimia urefu, wakawapa watoto tu."

Nikamwahidi kwamba kesho nitapita zahanati kuuliza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda nyuma ya jiko, akafuta neno Juzi kwa kiganja kwenye pipa lililokwisha, na kuandika Leo, kwa maana mwenye punda alikuwa amefika.